Tarehe ya Chanjo na Ile Nyingine

4 Machi

Mpwa wangu,

Pokea salamu zetu kwa mkupuo mmoja, maana nikianza kuzigawa moja moja ukurasa utaisha. Sisi wazima, ukiondoa goti langu la kushoto, ambalo limeamua kustaafu kabla ya mwenyewe. Mke wangu anasema umekonda. Nimemuuliza amejuaje na hajakuona tangu uondoke, akasema barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari miwili, na mtu anayekula vizuri haandiki hivyo.

Sasa shida. Ule ukurasa wa mtandao uliotutengenezea hapa kituoni, ambao wafugaji wanaufungua kwenye simu kuona siku ya chanjo inayofuata, umekufa. Mkuu wa kituo alitaka mifugo irudi baada ya wiki tatu badala ya nne. Nikamwambia hilo dogo, mpwa wangu alishaniandikia namna ya kubadilisha. Nikafungua barua yako ya zamani kwenye kompyuta, nikanakili mstari wako kama ulivyo, nikaubandika mahali pake:

echo date(“j/n/Y”, strtotime(“+21 days”));

Nikakaa mkao wa kula. Ukatoka ukurasa mweupe kama shuka la hospitali, na Kiingereza kidogo pale juu kinachosema kuna kosa mstari wa kumi na nne. Nimeutazama huo mstari mpaka macho yametoa machozi, na kosa silioni.

Jana watu wamekuja na mifugo siku isiyo yao. Dawa ikishafunguliwa haingoji kesho, hilo unalijua, kwa hiyo nimewarudisha watu walioamka alfajiri, na maneno waliyoniachia siwezi kumwandikia mtoto wa dada yangu. Wewe mwenyewe huwezi kuingia kutoka huko. Mkuu alibadilisha neno la siri wiki ile ile uliyoondoka, na kichwa chake unakijua.

Mama yako mzima. Amenikataza nisikuandikie habari za jambo lile, na mimi ni mtu wa kutii. Kwa hiyo sikuandikii kwamba Bwana Maziwa ameuliza tena lini, wala sikuandikii kwamba mama yako amemjibu hataweka tarehe ya ndoa mpaka binti yake aseme neno, wala kwamba amekula kiapo hatamwomba binti yake hilo neno. Yote hayo sijakuandikia.

Ni mimi mjomba wako, mwenye goti

*

19 Machi

Shikamoo mjomba,

Barua nimeipata. Mwambie mkeo sijakonda. Nimehama chumba tena. Kile cha kwanza kilikuwa juu ya karakana ya kuchomelea vyuma na nilianza kuota cheche. Hiki kina dirisha linalotazama ukuta. Kazini nako wamenihamisha meza, sasa niko mlangoni na kila anayepita anagonga kiti changu. Hii naiandika nimesimama.

Kosa si lako. Ni la programu ya kuandikia barua. Wewe na mimi tunaandikiana kwenye programu ya ofisini kwa sababu unataka barua iwe na kichwa na miguu, sitaki kukulaumu. Lakini hiyo programu inapenda urembo. Ukiandika alama ya nukuu iliyonyooka, yenyewe inaikunja, ya kufungulia inaangalia huku na ya kufungia inaangalia kule. Kwenye barua inapendeza. PHP, yaani lugha niliyoandikia ukurasa wenu, haizijui hizo zilizokunjwa. Inaziona kama herufi nyingine tu, inapotea njia, inasimama.

Kwa hiyo usinakili kitu kutoka kwenye barua. Fungua ile programu ndogo ya maandishi makavu, isiyo na rangi wala mapambo, uandike mstari mzima kwa vidole vyako. Nukuu zote zisimame wima. Mimi nimeshaizima hiyo tabia kwenye mashine yangu, wewe hutaweza, usijaribu.

Ni hayo tu. Msalimie mkeo.

Mpwa wako

*

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa hatujambo, mvua imeanza kwa fujo na goti langu limeitabiri kabla ya redio. Mke wangu amekusikia kuhusu kukonda na hakuamini. Chumba chenye dirisha la ukuta, anasema, ni chumba cha mtu asiyetaka kuona kitu. Mimi simo.

Nilifanya ulivyosema. Nukuu zikasimama wima, tarehe ikatoka, nikazunguka ofisi nzima nikionyesha watu. Mkuu akasema vizuri, na kwa kuwa mimi sijui kunyamaza nikamwambia naweza kuongeza pia jina la mnyama, ili mfugaji ajue siku hiyo ni ya nani. Nikaandika 'Chanjo ya mbuzi', ikakubali. Nikaandika 'Chanjo ya kondoo', ikakubali. Nikaandika 'Chanjo ya ng'ombe', ukurasa ukafa papo hapo. Nimerudia mpaka wenzangu wamenikalia mbali. Mbuzi wanapita, kondoo wanapita, ng'ombe wanakataliwa mlangoni. Mkuu ananiuliza mashine ina ubaya gani na ng'ombe, nikamwambia nakuandikia wewe.

Hukuuliza habari za mama yako, kwa hiyo nakupa bila kuulizwa. Barua yako niliichapa nikampelekea nyumbani, kwani miwani yake imevunjika mkono na anaishikilia kwa uzi. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea karakana, nikamsomea meza ya mlangoni, na ilipofika ile sehemu ya nukuu nilitaka kuiruka, si mambo yake. Akasema soma. Nikasoma nukuu na mikunjo na maandishi makavu yote. Alikuwa ameacha kukunja nguo, amekaa, mikono mapajani, anasikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Nilipomaliza akasema rudia ile ya nukuu. Nikarudia.

Sijui alielewa nini. Akaendelea kukunja nguo.

Mjomba wako, adui wa ng'ombe

*

27 Aprili

Shikamoo mjomba,

Samahani nimechelewa. Nimehama tena. Usiniulize kwa nini, chumba hakikuwa na ubaya. Nilikuwa siwezi kukaa tu. Nikitoka kazini natembea mpaka miguu iume ndipo naingia ndani, na nikiingia natamani kutoka.

Ng'ombe: umefungua maneno kwa alama moja iliyonyooka, na ndani ya neno ng'ombe kuna alama ile ile. Mashine ikifika hapo inadhani umemaliza kusema. Inabaki na "ombe" mkononi, haijui iliweke wapi. Waliotunga hizi lugha hawakuwa na ng'ombe akilini, kwa hiyo tujihami wenyewe. Fungua na funga kwa alama mbili mbili:

"Chanjo ya ng'ombe"

Sasa ile ya ndani haitamsumbua mtu. Mkuu wenu mwambie mashine haina ubaya na mnyama yeyote.

Na kuhusu hayo ambayo unasema huniandikii. Mjomba, acha. Unajitia hamnazo na unajua nini kilinitoa nyumbani. Nilirudi kutoka kituoni nimelowa, nikaingia sebuleni nikamkuta dereva wa lori la maziwa amekaa, amevaa koti la mvua la baba. Vifungo vyote mpaka shingoni. Mama anammiminia chai. Hakuna aliyeshtuka. Mimi tangu tumzike baba nilikuwa napita pale kwenye msumari kila siku na sijathubutu hata kuligusa lile koti, na yeye kaja na maziwa yake kalivaa tu. Nikachukua begi na kompyuta nikaondoka.

Nina hasira. Nakaa nayo, nasimama nayo, nimehama nayo vyumba vyote hivi. Kama mama anangoja neno langu, hilo ndilo ninalo, na sidhani atalitaka.

Mpwa wako

*

5 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu za kila mtu ziko hapa, ziokote mwenyewe, leo sina utulivu wa kuzipanga. Ofisini nimetembea kutoka mlangoni hadi kwenye jokofu la dawa na kurudi mpaka mtunza stoo akaniuliza kama natafuta kitu.

Barua yako nilimsomea mama yako. Nilipomaliza ng'ombe nikaona kinachofuata, nikakohoa, nikajifanya barua imeishia hapo. Akanitazama. Ananijua tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni kwake. Akasema haya, rudia ya ng'ombe. Nikarudia ya ng'ombe.

Sasa nasema, na kama akinigombeza na anigombeze. Siku ile mvua ilikuwa ya kuezua mapaa. Bati la juu ya chumba chako lilifunguka pembeni na maji yakawa yanashuka moja kwa moja kwenye meza yako, kwenye hiyo kompyuta uliyoondoka nayo. Mama yako alikuwa peke yake. Bwana Maziwa alikuwa anapita na lori, akasikia anaita. Kabla ya kupanda alikuwa ameshaisogeza kompyuta yako na kuifuta kwa shati lake, lile alilovaa. Akapanda juu ya bati na fulana tu. Mama yako ndiye aliyelitoa koti msumarini na kumrushia. Yeye alikataa, akasema la marehemu hilo. Mama yako akamwambia aliyelivaa hakulinunua ili lining'inie, vaa, utakufa na wewe. Na vifungo mpaka shingoni ni kwa sababu ndani hakuwa na kitu kikavu, na mwanaume yule ana haya kuliko binti wa shule.

Wewe uliingia alipokuwa ameshuka. Ulikaa sebuleni muda wa kuchukua begi. Hakuna aliyekueleza kwa sababu hukumpa mtu nafasi, na baada ya hapo mama yako akasema kama mwanangu anaweza kunidhania hivyo, sina cha kumweleza. Mmefanana mpaka mnachosha. Koti liko msumarini, lilirudi siku ile ile.

Nimemaliza. Najiona kama niliyeiba.

Sasa la ofisini, ili barua isiwe ya ugomvi mtupu. Ng'ombe wamepita, asante. Mkuu anataka neno "tarehe" litangulie zile namba. Nikaliingiza ndani ya nukuu pamoja na zile herufi zako, date('tarehe j/n/Y'). Mashine haikufa safari hii, imeingia wazimu. Badala ya tarehe imeandika 31, halafu am, halafu siku na saa nzima nzima kwa Kiingereza, halafu jina la majira ya saa, halafu namba nyingine, halafu majira tena. Mfugaji mmoja ameleta mbuzi wake na simu mkononi, anauliza thelathini na moja ya nini.

Mjomba wako

*

11 Juni

Mpwa wangu,

Hujajibu. Tuko wazima. Ukurasa bado una wazimu, nimebandika karatasi mlangoni yenye tarehe kwa mkono, na mvua inailowesha.

Sikupi habari za goti. Nakupa moja tu, kisha nanyamaza. Kampuni ya maziwa inamhamishia Bwana Maziwa njia nyingine, mbali, na ni lazima awajibu kabla Julai haijaisha kama anahamia mtu mmoja au wawili, ili wampe nyumba. Amekuja kwa mama yako, akasimama mlangoni, hakuingia. Akasema sikuharakishi, nakwambia tu ujue. Mama yako akasema mwanangu hajasema. Naye akasema basi nitahama mmoja. Akavaa kofia akaenda zake.

Mama yako siku hizi anafagia uwanja uliokwishafagiliwa. Namkuta anafanya hivyo na sijui nimwambie nini. Mimi nawapenda nyote wawili na nimechoka kuwa daraja.

Mjomba

*

3 Julai

Shikamoo mjomba,

Msalimie mkeo, mwambie nimekonda, alikuwa sahihi.

Barua yako ya Mei niliisoma nikaifunga. Nikaifungua, nikaifunga. Nilikuwa naanza jibu kila jioni na kufuta. Halafu Jumapili nikachukua bisibisi nikafungua kompyuta yangu kwa nyuma, nikijiambia nasafisha vumbi. Ndani, pembeni mwa kifuniko, kuna alama ya maji yaliyokauka. Imeanzia pembe moja ikaishia njiani. Haikufika kwenye kitu chochote cha maana. Mtu aliwahi.

Nimeifanyia kazi kompyuta hiyo siku zote hizi, nimepata kazi kwa sababu yake, na sikuwahi kujiuliza kwa nini haikulowa na mimi nilikuta meza yangu inachuruzika.

Kwanza nimalize yako. Ndani ya date, mjomba, kila herufi ni amri. Ukiandika j inakupa siku, n inakupa mwezi. Umeandika tarehe, ikadhani umetoa amri sita. T ndogo ni idadi ya siku za mwezi, a ni asubuhi au jioni, r ni tarehe nzima kwa namna yao, e ni majira, h ni saa, na e tena. Imetii kila kitu, maskini. Neno lako liweke nje, kisha uunge kwa nukta:

echo 'tarehe ' . date('j/n/Y', strtotime('+21 days'));

Jaribu, itapona. Ukurasa wenu umeisha, na sidhani utaharibika tena ukiacha kumfurahisha mkuu.

La pili. Hasira yangu haijaisha, siwezi kukudanganya. Nikifikiria lile koti bado linanichoma, hata nikijua. Nadhani sikuwa na hasira na dereva. Nilikuwa na hasira kwamba kuna mtu aliweza kulivaa na dunia haikusimama. Lakini sitaki mama afagie uwanja uliofagiliwa. Na sitaki yule mtu ahame mmoja kwa sababu yangu.

Kwa hiyo nakuomba uandike faili lingine, jipya, lisiguse la kituo. Andika kwa mkono, maandishi makavu:

echo date('j/n/Y', strtotime(''));

Hapo kwenye nukuu za mwisho hakuna kitu, sijasahau. Hiyo nafasi si yangu. Mpe mama kiti chako, mwonyeshe vitufe, aweke tarehe yeye mwenyewe, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na vistari katikati. Siku yoyote atakayoweka nitakuwepo, hata ikiwa keshokutwa. Mwambie hilo ndilo neno langu, na kwamba nimelisema kabla hajaniomba, kiapo chake hakijavunjika.

Safari hii usikohoe. Msomee yote.

Mpwa wako

*

12 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Mke wangu kasikia umekonda, ameanza kukoboa mahindi ya kukulisha na wewe hata tiketi huna.

Tarehe imepona. Mkuu ameridhika na tayari anataka rangi, nimemwambia programu yenye rangi ndiyo iliyotuletea balaa.

Nilimsomea mama yako yote. Sikukohoa. Ilipofika kwenye alama ya maji alinyanyuka akaenda dirishani, akasema bila kugeuka, endelea. Nikaendelea mpaka mwisho. Akasema twende.

Nikasema kesho. Akasema mimi nimesema twende. Mvua ilikuwa inanyesha, akalitoa koti la baba yako msumarini akalivaa yeye, mikono ikampita, akaikunja. Tumetembea mpaka kituoni hivyo, mimi na goti langu nyuma, yeye mbele. Nimempa kiti changu. Kwanza nikamwonyesha mstari wako ulivyo, bila kitu katikati, nikabonyeza. Ikatoka 1/1/1970. Nadhani ndiko mashine inakokimbilia ikikosa cha kusoma. Mama yako akaisoma kwa miwani yake ya uzi, akasema mwaka huo sikuwa hata nimezaliwa, nitaolewaje. Akacheka, mpwa wangu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Nikamweleza aandike mwaka, kistari, mwezi, kistari, siku. Nikamwonyesha zilipo namba. Nje Bwana Maziwa, aliyetuona njiani, alikuwa amesimamisha lori, injini inaunguruma, maziwa hayangoji, ila alikuwa anangoja. Mama yako akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, anatafuta kila kitufe. Nikaona hakugusa namba hata moja. Nikainama nisome. Kati ya zile nukuu zako mbili, zimesimama wima kabisa, ameandika:

ukifika

Nikabonyeza. Ikatoka 1/1/1970. Nikamwambia, dada, mashine haielewi hilo, inataka namba.

Akasimama, akafunga koti vifungo, akasema hakuiandikia mashine.

Nimeliacha hivyo hivyo.

Mjomba wako